Barua ya msimamizi wa ufilisi kutoka Nairobi: inakufunga ukiwa Arusha?

Mkuu, pole kwa deni. Nimeusoma uzi wako mpaka mchango wa mwisho, na kwa kuwa wengi wanakuhimiza ukimbie mahakamani ukakamate malori kabla wengine hawajakuwahi, nimeona nikujibu kwa kirefu.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada anauza matairi na vilainishi Arusha. Mteja wake mkubwa ni kampuni ya usafirishaji yenye makao makuu Nairobi na yadi hapa mjini. Kampuni imeelemewa na madeni, imewekwa chini ya msimamizi huko Kenya, na msimamizi huyo amemwandikia barua kwamba asifungue wala kuendeleza shauri lolote dhidi yake. Anauliza kama barua hiyo ina nguvu huku kwetu.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufuatilia madeni katika kampuni ya vifungashio hapa hapa Arusha, maboksi ya mboga na maua yanayokwenda nje, na tumewahi kukwama na mteja wa namna hiyo: makao Nairobi, ghala Arusha, msimamizi Nairobi. Ninayoyasema nimeyapitia nikiwa na mafaili mkononi na wakili pembeni.

Barua yenyewe si amri ya mahakama ya Tanzania. Hakuna dalali wa mahakama wala hakimu hapa atakayezuiwa na karatasi iliyosainiwa Nairobi. Lakini kutoka hapo mpaka kusema "kamata malori" kuna safari ndefu, na kabla hujaianza kuna jambo moja la kuangalia ambalo sikuona mtu akikuuliza.

Chukua LPO zako zote, yaani hati za oda walizokuandikia, uzisome jina la kampuni, neno kwa neno. Je, aliyeagiza ni kampuni ya Kenya yenyewe, iliyofungua tawi hapa na kupata cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kama kampuni ya kigeni? Au ni kampuni nyingine iliyosajiliwa Tanzania, yenye jina lile lile na "(T) Limited" mwishoni? Kwa macho ya dereva na mtunza stoo ni kampuni moja: nembo moja, bosi mmoja. Kisheria ni watu wawili tofauti. Kama anayedaiwa ni kampuni tanzu ya Tanzania, ufilisi wa mama yake Nairobi haumhusu moja kwa moja. Bado yuko hai, unaweza kumshtaki hapa, na ikibidi uombe Mahakama Kuu imfilisi hapa hapa. Ila na wewe huwezi kuvuka ukadai fungu kwenye mali za mama. Kampuni ya supamaketi ya Kenya, Uchumi, ilipofunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, maduka hayo yalikuwa chini ya kampuni tanzu, na jina kubwa lililoandikwa mlangoni halikuwa jibu la swali la nani anadaiwa.

Sisi tulikuta LPO zimechanganyika, nyingine za kampuni mama, nyingine za tanzu. Ilibidi tugawe deni mara mbili, kila upande na ushahidi wake. Ni kazi ya kuchosha lakini ifanye kwanza, maana yote yanayofuata yanategemea hapo.

Tuchukulie anayedaiwa ni kampuni ya Kenya yenyewe. Mwaka 1997 chombo cha Umoja wa Mataifa cha sheria ya biashara, UNCITRAL, kilitoa Sheria ya Mfano ya ufilisi unaovuka mipaka. Haiunganishi sheria za nchi. Inachofanya ni kumfungulia mlango mfilisi wa kigeni: anakwenda mahakama ya nchi nyingine na amri aliyoteuliwa nayo, anaomba atambuliwe, na kama ufilisi wake umefunguliwa pale palipo kitovu cha shughuli za kampuni, mashauri na ukamataji wa mali katika nchi ile husimama papo hapo. Kenya imeipokea, imo kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Uganda ina sehemu yake kwenye sheria ya 2011. Hata Kongo imo, kwa kuwa ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na sheria ya OHADA ya ufilisi iliporekebishwa mwaka 2015 iliingiza masharti hayo. Tanzania Bara haijaipokea.

Hebu yafuate malori ya mdaiwa wako barabarani. Likiwa Kampala, msimamizi anaweza kuomba kutambuliwa na kulilinda. Likiwa Lubumbashi, Kongo, ana mlango wa OHADA. Likivuka Namanga kuja huku, hana mlango ulioandikwa kwenye sheria. Waliokuhimiza wameliona hilo pengo, na kwa hilo wako sahihi.

Wasichokiona ni kwamba pengo kwenye sheria halimaanishi mahakama imefungwa mikono. Kampuni ya meli ya Hanjin ya Korea Kusini ilipoomba kinga ya mahakama ya Seoul tarehe 31 Agosti 2016, meli zake ziligoma kuingia bandarini kwa hofu ya kukamatwa na wanaoidai. Marekani ilikuwa na sheria ya kumtambua msimamizi wa Korea na ikamtambua. Singapore wakati huo ilikuwa bado haijapokea Sheria ya Mfano, lakini Mahakama Kuu yake ikatumia mamlaka yake ya asili kuzuia mashauri. Wakili wa msimamizi wako anaweza kujenga hoja hiyo hiyo mbele ya Mahakama Kuu Arusha. Sikuambii atashinda. Nakuambia usipange hesabu zako ukidhani hatakuja.

Halafu malori yenyewe. Hapa nina uchungu, maana jirani yetu mmoja, naye alikuwa akimdai yule yule mteja wetu, aliharakisha kesi. Alishinda, akapata amri ya kukazia hukumu, dalali akafunga mashine ghalani. Ndipo benki ikajitokeza na hati ya dhamana iliyosajiliwa BRELA tangu zamani, ikaweka pingamizi, na mashine zikarudi kwa benki. Jirani akabaki na hukumu, gharama za wakili na ada ya dalali. Kwa malori ni hivyo hivyo au zaidi: ya namba za Kenya yaliyonunuliwa kwa mkopo kwa kawaida husajiliwa kwa jina la benki pamoja na la mnunuzi. Kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri, fanya upekuzi BRELA uone dhamana zilizosajiliwa dhidi ya kampuni, na ujue kila lori limeandikwa kwa jina la nani. Ukikuta benki inadai dhamana ya mali zilizoko Tanzania lakini haikuisajili hapa, hiyo ni habari njema kwako, mpelekee wakili siku hiyo hiyo.

Sasa njia ya pili, ya kupeleka madai yako kwa msimamizi. Kuna mchangiaji kaandika kwamba "Wakenya watalipana wenyewe kwanza". Si kweli kisheria. Sheria ya Mfano inampa mdai wa nje haki sawa na mdai wa ndani wa daraja lake, na inataka wadai wa nje wanaojulikana wapelekewe taarifa mmoja mmoja. Barua uliyoipata ni sehemu ya hilo, ingawa imeandikwa kwa lugha ya vitisho. Foleni ipo, lakini haiangalii pasipoti: mwenye dhamana ya mali mahususi hujilipa kwanza kwenye mali hiyo, halafu gharama za usimamizi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa, kodi, wenye dhamana inayoelea juu ya mali za kampuni kwa jumla, kisha sisi wasambazaji tusio na dhamana. Sisi tulipeleka LPO, hati za kupokelea mzigo zenye saini na mhuri, invoisi, na taarifa ya akaunti iliyopatanishwa na mhasibu wao kabla mambo hayajaharibika. Hiyo ya mwisho ndiyo ilitusaidia kuliko zote, kwa kuwa deni lilikuwa limekubaliwa na mdaiwa mwenyewe. Deni letu la dola lilibadilishwa kuwa shilingi ya Kenya kwa kiwango cha siku kampuni ilipowekwa chini ya msimamizi, na shilingi iliposhuka baadaye, tofauti ilikuwa hasara yetu.

Ila kuna mtego kwenye njia hii, na ndio ulionifanya niandike. Kujaza fomu ya madai kunaweza kuhesabiwa kuwa umejisalimisha kwa mahakama ya nchi ile, yaani umekubali mamlaka yake juu yako. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika Rubin dhidi ya Eurofinance na rufaa iliyosikilizwa pamoja nayo, ilisema hukumu ya ufilisi ya nje haimfungi mtu ambaye hakuwepo kule wala hakujisalimisha, lakini wadai walioshiriki kwenye ufilisi wa Australia kwa kupeleka madai yao walihesabika kuwa wamejisalimisha, na hukumu ya kuwataka warudishe malipo ikawafuata nyumbani. Maamuzi ya Uingereza ya leo hayazifungi mahakama zetu, lakini mawakili huyataja na majaji huyapima.

Kwa nini inakuhusu? Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba walikulipa kiasi kikubwa "wiki chache kabla ya kufungwa, baada ya kuwasumbua sana". Malipo ya namna hiyo ndiyo wafilisi huyatafuta. Kama wewe ulilipwa huku wenzako wameachwa, msimamizi anaweza kuiomba mahakama ya Kenya itamke kuwa ulipendelewa, urudishe. Ukiwa Arusha na hujajiingiza kule, kazi ya kuikazia hukumu hiyo hapa ni yake na ni ngumu. Ukishapeleka madai Nairobi, umempunguzia kazi hiyo mwenyewe. Na hata asipokushtaki, anaweza kukataa kukupa fungu mpaka urudishe.

Kwa hiyo weka namba mbili mezani: ulicholipwa dakika za mwisho, na unachotarajia kupata kwenye mgao wa wasio na dhamana. Kama cha kwanza ni kikubwa kuliko cha pili, kukaa kimya kunaweza kukufaa kuliko kudai. Sisi tulipiga hesabu hiyo, tukaona malipo yetu ya mwisho yalikuwa ya kawaida, kwa tarehe za kawaida, tukaenda Nairobi bila wasiwasi. Kwako sioni jambo hilo kuwa wazi hivyo.

Kuna hoja nyingine atakayokutajia wakili mzuri. Kesi ya Uingereza ya mwaka 1890, Antony Gibbs, ilisema deni linalotawaliwa na sheria ya Kiingereza halifutwi na ufilisi wa nchi nyingine. Sisi tulirithi sheria za desturi za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Gibbs ni ya kabla ya hapo. Ipo basi hoja kwamba deni lenye mkataba wa sheria ya Tanzania halifutwi na mpango wa kupunguza madeni uliopigiwa kura na wadai Nairobi bila wewe kushiriki. Wasomi wengi wanaiona kanuni hiyo imepitwa na wakati, lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliifuata tena kwenye shauri la benki ya Azerbaijan. Nayo ina sharti lile lile: ukishiriki, umeipoteza.

Niseme na langu kama Mtanzania. Haifai tuendelee hivi. Tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010, mizigo na mitaji inavuka kila siku, lakini Jumuiya haina kanuni ya ufilisi kama ile ya Ulaya ya 2015, inayoamua kesi ifunguliwe nchi gani na nchi nyingine ziifuate. Na pengo hili halituumizi tunapodai wageni tu. Benki ya FBME ilisajiliwa Tanzania huku sehemu kubwa mno ya biashara yake ikiwa tawi la Cyprus. Marekani ilipoituhumu utakatishaji fedha Julai 2014, Benki Kuu ya Cyprus ikashika tawi na Benki Kuu yetu, BoT, ikashika benki. Tarehe 8 Mei 2017 BoT ikafuta leseni na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi. Mwenye akaunti hapa bima ilimkinga kwa shilingi 1,500,000 tu, mengine yakategemea mali zilizo chini ya mamlaka ya nchi nyingine. Siku ile mfilisi aliyehitaji kufunguliwa mlango ugenini alikuwa wetu.

Na tukiipokea Sheria ya Mfano, tusiipokee kama Afrika Kusini. Waliitunga mwaka 2000 wakaweka sharti kwamba inahusu tu nchi ambazo Waziri atazitaja, na hakuna nchi iliyotajwa. Sheria ipo kitabuni, mlango umefungwa.

Turudi kwako. Barua ya Nairobi usiijibu kwa simu wala kwa kukiri chochote. Jibu fupi la maandishi kwamba umeipokea na unahifadhi haki zako zote linatosha kwa sasa, liandikwe na wakili. Tazama tarehe ya mwisho ya kupeleka madai na ya mkutano wa wadai. Matairi ambayo bado hayajafungwa kwenye malori, kama yapo yadini na mkataba wako unasema ni yako mpaka yalipwe, yaorodheshe kwa namba na picha leo. Usiyachukue usiku kama mmoja alivyokushauri hapo juu. Unaweza kushtakiwa kwa wizi, hata kama ni mali uliyoiuza mwenyewe.

Tuambie LPO zinasomeka jina gani na malipo yale ya mwisho yalihusu invoisi za lini. Funika majina na namba kabla ya kuweka picha.