Kodi ya uwanja huenda kwa nani?

Mwanangu,

Assalamu aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na babako nimemsomea. Wasema nyinyi vijana wa Majengo, hapo Mombasa, mmepata kibanda karibu na soko, mwataka kuanzisha ushirika wa mapishi na ushonaji, na mwenzenu mmoja ameshauri kwanza mkusanye historia ya mtaa kwa wazee. Nawe waniuliza: "Mama, hadithi za mgomo wa zamani zitatuletea wateja?"

Wateja hazileti. Lakini zitawaonyesha pesa ya mtaa huu hupotelea wapi, na hilo hakuna mshauri wa biashara atakayewaambia.

Mgomo wenyewe wajua juu juu. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama: bandari, reli, mahoteli, hadi wapishi wa majumbani kwa Wazungu. Wafanyakazi kama 15,000, karibu wiki mbili. Walikuwa wakikutana uwanja wa Kiembeni, wakawa na chama chao, African Workers' Federation, chini ya Chege Kibachia. Agosti mwaka huohuo serikali ilimkamata ikamhamishia Baringo. Najua mtataka kumchora ukutani. Mchoreni, anastahili. Ila picha haitawafaa kitu msipouliza na hili: watu wote hao, bila mshahara, walikuwa wakila nini?

Kibarua wa bandari alilipwa siku aliyopata kazi. Meli isipotia nanga, hana kitu. Mtu wa namna hiyo huishi kwa kukopa, na aliyemkopesha si benki. Ni watu kama bibi yako. Yeye alikuwa akiuza mahamri na mbaazi uani kwake, na kuandika hajui, kwa hivyo madeni aliyaweka kwa mkaa nyuma ya mlango: kila mteja na alama yake, huyu nanga, yule jembe, na chini yake vijiti, kijiti kimoja mlo mmoja. Mtu akilipa, bibi hulowesha kidole akafuta. Mlango ule nimeukuta mimi mwenyewe, mweusi kama sufuria. Alijua nani wa kumpa hadi vijiti kumi na nani akomee viwili.

Ongeza mchezo wa kila mwezi, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Ongeza na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, ambavyo babako huvicheka mpaka leo kwa sababu ya karamu zao za kushindana. Acheke. Vilikuwa na viongozi, michango, faini, na mtu akifiwa hakuzika peke yake. Ushirika mnaotaka kuuanzisha bibi zenu waliujua, hawakuwa na cheti tu.

Sasa swali gumu. Kama walijua kuweka na kukopeshana hivyo, mbona mtaa haukutajirika?

Nyumba ilikuwa ya bibi, uwanja haukuwa wake. Wewe umekulia kwenye jambo hili hata hulioni tena: nyumba bila ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa vyeti vya ardhi ya Pwani wale waliojua kwenda kudai, na wengi wetu tukabaki wapangaji wa mchanga tuliojengea. Kila mwezi bibi alitoa kodi ya uwanja. Benki haikutaka kusikia habari ya nyumba yake. Kujenga kwa mawe aliogopa, maana siku mwenye ardhi akitaka uwanja wake, utaondoka na mawe? Senti zilizoingia kwa mahamri zikatoka kwa kodi, miaka nenda miaka rudi.

Ndiyo maana nakuuliza kabla hujanunua cherehani: hicho kibanda kiko juu ya ardhi ya nani? Mkikifanya kipendwe, kodi itapandishwa na nani?

Nenda Voi, si mbali. Mtaa wa Tanzania-Bondeni, miaka ya 1990, uliporasimishwa, wakazi walichagua ardhi ibaki mali ya jamii yote, mtu amiliki nyumba yake tu. Akiuza, huuza nyumba, uwanja haumo. Hebu tazama: ni nyumba bila ardhi ileile tuliyoizoea sisi, ila mwenye ardhi ni wao wenyewe. Haikuwa rahisi, iliwalazimu kuunganisha vyombo viwili vya kisheria kwa sababu sheria ya Kenya haikuwa na kimoja cha kuwatosha. Waulizeni pia ni wapi walipokwama, msisikilize sifa tupu.

Kwa hivyo mkienda kwa wazee, msianze na "tuhadithie mgomo". Watawapa hotuba. Ulizeni kodi ilikuwa shilingi ngapi, ilipokewa na nani, duka gani lilikopesha, mchezo ulivunjika kwa ajili gani. Hapo watawaka.

Kuna mzee mmoja, babako atakuelekeza nyumbani kwake, ana risiti za kodi ya uwanja tangu za babake, zimo kwenye mkoba wa ngozi. Mwendee baada ya Alasiri, asubuhi huwa na maumivu. Usitoe simu kupiga picha kabla hujamwomba. Na huyo mwenzenu aliyetoa shauri, daftari ashike yeye.

Mamako