Kwa mnaoanza kuchezesha watoto wenye ulemavu hapa Tanga

Wenzangu mnaojiunga nasi siku za Jumamosi, mtoto anakuja kucheza. Kunyoosha viungo kuna siku yake na wataalamu wake. Wala hakuja kutazama. Mkimkuta mwenye kiti mwendo ameketishwa kivulini atunze ndala za wenzake, simamisheni mchezo mpaka apate nafasi yake.

Nafasi hiyo hupatikana kwa kubadili kanuni za mchezo, na zibadilike kwa wote. Tuchukue rede. Wengi wenu mtamfanya mwenye kiti mwendo awe mrushaji siku zote, kwa kuwa ni rahisi. Lakini utamu wa rede uko katikati, kwenye kukwepa. Basi panueni uwanja, mpira uviringishwe chini badala ya kurushwa, na apewe mwenzake wa kumsukuma akitaka. Mtoto mmoja wa Ngamiani alipigwa gurudumu, wenzake wakasema haihesabiki. Akafoka: "Nimepigwa! Mbona mimi sitoki?" Alikuwa na haki. Tangu siku ile, kwetu gurudumu ni mwili.

Kwa wasioona, shoneni mpira wa matambara na ndani muweke vizibo vya soda ili ulie. Kuna mchezo mzima uliojengwa juu ya sauti, golboli, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani na kuingia Paralimpiki mwaka 1976. Kila upande una wachezaji 3, mpira una njuga, na mistari hutandikwa kamba chini ya utepe ili ipapaswe. Wote hufungwa macho, hata wanaoona. Nasi tunafunga kwa vipande vya kanga. Watazamaji lazima wanyamaze, na hilo ndilo gumu kuliko yote, maana mama zetu wanapenda kupiga vigelegele. Waombeni kwa heshima wasubiri bao liingie. Kwa viziwi ni kinyume chake: filimbi haina kazi, pungeni kitambaa chekundu.

Tukienda ufukweni Raskazone, yafuateni maji. Mchanga mkavu unameza magurudumu, lakini maji yakipwa ule mchanga mbichi unakuwa mgumu na kiti kinateleza vizuri. Njia ya kufikia hapo itandikeni majamvi. Siku za bamvua maji huenda mbali na kurudi kwa kasi, kwa hiyo waulizeni wavuvi kabla ya kupanga saa. Mtoto mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima wa kumwangalia yeye tu, aliye karibu kiasi cha kumshika. Mkirudi, viti vioshwe kwa maji ya bomba na beringi zitiwe mafuta. Chumvi haina huruma.

Watoto wenye ualbino tusiwaweke juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kofia pana, mikono mirefu na krimu ya jua ni lazima hata kukiwa na mawingu. Wengi wao huona kwa shida, hivyo mpira uwe wa rangi inayojitenga na mchanga.

Maputo msilete kabisa. Watoto wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri, hupata kwa urahisi mzio wa mpira wa asili unaotengenezewa maputo, na mzio huo unaweza kuwa wa hatari. Wengi wao pia hawahisi joto miguuni: wavalisheni viatu, na kabla hawajaondoka mwombeni mzazi akague ngozi. Mtoto mwenye hali ya Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada, asibinuke sarakasi mpaka daktari aseme shingo yake iko salama.

Kuna nyumba ambazo mtoto hatolewi nje. Msiende na hotuba. Pigeni hodi, mwamkieni bibi shikamoo, kaeni, kisha waalikeni na ndugu zake. Mara nyingi dada ndiye atakayemleta.

Mkienda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba uwanja, msiombe kama sadaka. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 inautaja mchezo wa watoto hawa waziwazi. Na bajeti ianze na nauli ya bajaji, kabla ya jezi, maana daladala nyingi hazipakii kiti mwendo.