Maswali ya Wasomaji: Saa 72 Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Barua za Novemba 2021 karibu zote ziliuliza vipimo vya Uviko (korona) na masharti yake kwa safari za nje. Uingereza ilituondoa Oktoba 11 kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi ambazo wasafiri wake waliwekewa masharti makali, Marekani nayo Novemba 8 ilianza kupokea wageni waliochanjwa, basi watu wa Tanga walianza tena kukata tiketi. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayokwamisha wengi. Masharti hubadilika ndani ya wiki moja, kwa hiyo majibu haya ya Uviko ni ya Novemba 2021; Marekani, Kenya na Saudia zimeshayaondoa masharti hayo. Siku ya kwenda kupima, angalia tena tovuti ya shirika lako la ndege.

SWALI: Shikamooni. Binti yangu anakwenda kusoma Marekani. Ndege inaondoka Dar Ijumaa saa 10 alasiri na atabadilisha ndege nchi nyingine. Alichanjwa Janssen mwezi wa nane. Wakala anasema apime ndani ya saa 72, mwingine anasema siku 3. Si ni kitu kimoja? Na apimie Tanga au Dar? – *Mama, Chumbageni*

JIBU: Marahaba, mama. Si kitu kimoja, na tofauti hiyo inawarudisha watu nyumbani na mabegi yao.

Marekani mwaka 2021 ilihesabu siku, haikuhesabu saa. Kwa ndege ya Ijumaa, aliyekamilisha chanjo aliweza kupima wakati wowote kuanzia Jumanne. Asiyechanjwa, kama yumo kwenye kundi lililoruhusiwa kuingia, alipewa siku 1 tu, yaani Alhamisi. Janssen ni dozi moja, na mtu anahesabiwa amekamilisha zikishapita siku 14. Binti yako ameshavuka hapo zamani.

Lakini yupo wa pili mwenye masharti, nchi ya kubadilishia ndege. Ikiwa hiyo inataka saa 72, rudi nyuma kutoka Ijumaa saa 10 alasiri: unaangukia Jumanne saa 10 alasiri. Akipima Jumanne asubuhi, Marekani itampokea ila huko njiani atakwama. Tena soma kama saa hizo zinaishia ndege inapoondoka au inapotua. Zikiishia inapotua, punguza na saa za kuwa angani. Sharti kali kuliko yote ndilo la kufuata, hata kama nchi hiyo atakaa uwanjani saa mbili tu.

Saa zenyewe zinaanza kuhesabiwa kijiti kinapotoka puani. Siku ya majibu au ya kuchapa cheti haihusiki. Hapa ndipo Tanga inapotuponza. Kama kituo ulichochagua hakina mashine ya PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za kirusi), sampuli inafungwa kwenye kisanduku cha baridi, nyuzi 2 hadi 8, inasafirishwa hadi maabara na kusubiri zamu, na muda wote huo saa zako zinaliwa. Kutoka stendi ya Kange hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi ni kama kilomita 350, saa sita hivi kwa basi kama Segera na Chalinze hakuna foleni. Ushauri wetu: aende Dar Jumanne, atoe sampuli Jumatano asubuhi saa 2, alale huko. Hadi ndege kuondoka zitakuwa zimepita saa 56. Miadi aweke kwenye mfumo wa Wizara ya Afya wa Pima Covid kabla ya kupanda basi, na alipie kwa kumbukumbu namba anayopewa. Kufika kituoni bila malipo kuonekana kwenye mfumo ni kupoteza asubuhi nzima.

Jambo jingine watu hawalijui: Marekani wakati huo ilikubali pia kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho majibu yake hutoka chini ya saa moja. Kama nchi ya njiani haidai PCR, Alhamisi inatosha na pesa inabaki.

Na tiketi iwe moja. Zikiwa mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la kwanza halina wajibu wa kufikisha begi mwisho wa safari, na binti atalazimika kuingia nchi ya watu kulichukua, pengine kwa viza na karantini. Tiketi ikiwa moja, na mapumziko ya kubadilisha ndege hayazidi saa 24, Marekani ilihesabu siku 3 kutoka ndege ya kwanza, ile ya Dar.

SWALI: Niliugua Uviko mwezi wa tisa, nikapona kabisa. Juzi nimepima kwa ajili ya safari, majibu chanya. Nimepiga nyungu wiki nzima, nikapima tena, bado chanya. Nifanyeje? – *Msomaji, Makorora*

JIBU: Nyungu iache, kaka. Inaweza kukufungua pua, lakini haibadilishi kitu ndani ya mashine.

PCR haitafuti kirusi hai. Inatafuta kipande cha chembe zake za urithi, kisha inakiongeza maradufu mzunguko baada ya mzunguko, mara nyingi hadi mizunguko 40. Mabaki kidogo sana yaliyobaki kwenye utando wa pua yanatosha kuifanya iseme chanya. Mtu aliyepona anaweza kuendelea hivyo hadi miezi mitatu, na haina maana kwamba anaambukiza wenzake. Kurudia PCR kila siku mbili ni kuchoma pesa.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kama nchi unayokwenda inapokea cheti cha kupona. Marekani, kwa mfano, mwaka 2021 ilikubali jibu chanya la ndani ya siku 90 likiambatana na barua ya daktari kwamba umepona na uko sawa kusafiri. Jibu linalotakiwa hapo ni lile la mwezi wa tisa, kwa hiyo kama ulilitupa, rudi kituoni walitafute kwenye mfumo. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na jina la daktari, simu na sahihi, na iandikwe Kiingereza. Njia ya pili, pale wanapopokea kipimo cha antijeni, pima hicho. Mabaki ya zamani kwa kawaida hayakiamshi.

Nchi isiyokubali hata kimoja kati ya hivyo, sogeza tarehe mbele. Na ubadilishe tiketi kabla ndege haijaondoka. Ukishahesabiwa hukutokea, mashirika mengi hufuta hata tiketi ya kurudi.

SWALI: Tuna harusi Mombasa, tunapitia Horohoro kwa gari. Mwenzetu alirudishwa na cheti chake mkononi, halisi, siyo cha kughushi. Kwa nini? – *Familia, Ngamiani*

JIBU: Bila shaka alikuwa na karatasi ila hana namba ya TT. Mwaka 2021 Kenya ilitaka PCR ya ndani ya saa 96, na majibu hayo yapandishwe kwenye mfumo wa Trusted Travel (TT) wa Afrika CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa. Mfumo ukiyakubali ulikutolea msimbo, ndiyo hiyo namba ya TT, nao ndio afisa wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, aliousoma kwenye simu yake. Karatasi peke yake kwake haikuwa na uzito.

Fanyeni kazi hiyo nyumbani. Hadi mpakani ni kilomita 65 tu, lakini kwenye foleni ya huko, ambako simu huenda ikakamata mtandao wa upande wa pili kwa gharama ya kutumia mtandao wa nje, si mahali pa kupakia faili. Cheti kiwe PDF kama kilivyotumwa. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya meza, yenye kivuli cha mkono, mfumo huikataa kwa sababu haisomi msimbo wa QR. Chapeni nakala ya TT kwa kila mtu. Simu moja ya baba yenye vyeti vya watu sita ikizimika, mmekwama sita.

Pigeni hesabu ya kurudi pia. Harusi ikichukua siku kadhaa, cheti cha kuendea huenda kisiwarudishe.

SWALI: Kadi yangu ya njano ya homa ya manjano ni ya 2009. Nichome tena? – *Muheza*

JIBU: Usichome. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo moja inatambulika maisha yote, hata kwa kadi iliyoandikwa miaka 10. Kama kadi imechanika au namba ya kundi la dawa haisomeki, hilo ni jambo jingine.

SWALI: Cheti changu cha PCR kimeacha jina la babu lililo kwenye pasipoti. Nitapita? – *Raskazone*

JIBU: Usibahatishe. Mhudumu wa kaunta analinganisha herufi kwa herufi, kwani shirika likimpeleka abiria asiyetimiza masharti linaweza kupigwa faini na kumrudisha kwa gharama yake. Omba marekebisho siku hiyohiyo. Kurekebisha jina hakuhitaji sampuli mpya.

Ukiwa hapo kagua mengine. Namba ya pasipoti, sifuri isiwe herufi O. Tarehe: 03/11/2021 kwa Mmarekani ni Machi 11, bora mwezi uandikwe kwa herufi. Halafu saa, ambayo hupita bila mtu kuiona. Sampuli imechukuliwa saa 2 asubuhi, karani au wewe mwenyewe kwenye fomu mkaandika 02:00. Kaunta inasoma saa nane za usiku, na umepoteza saa sita ambazo hazikupotea. Inatakiwa 08:00. Kwa anayekimbizana na sharti la saa 48, kosa hilo peke yake linatosha kumwacha Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar.

SWALI: Baba yetu anataka kwenda Umra. Amechanjwa Sinopharm, dozi mbili. – *Watoto wake, Pangani*

JIBU: Mwaka 2021 Saudia ilitaka aliyepata Sinopharm aongeze dozi moja ya Pfizer, Moderna, AstraZeneca au Janssen. Pateni kwanza hiyo dozi na cheti chenye QR, ndipo mlipe wakala; wapo wanaopokea fedha wakisema "tutalimaliza kulekule". Kulekule halimalizwi.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ipo palepale kama kabla ya korona: aichome si chini ya siku 10 kabla ya kufika, na kadi ionyeshe aina, kwani ya zamani inadumu miaka 3 na ile mpya ya konjugeti miaka 5. Mwaka 2021 kibali cha kuingia Msikitini Makka kilitolewa kwa programu za simu, Tawakkalna na Eatmarna. Mzee asiyetumia simu janja asiachwe aende peke yake na kikundi bila kujua ni nani hasa, kwa jina, atakayemfungulia hizo programu na kushika nywila zake.