Tarantula mchimbaji: anza na udongo

Pelinobius muticus, tarantula (buibui mkubwa mwenye manyoya) wa rangi ya kutu wa mbuga za Kenya na Tanzania, huchimba shimo linaloweza kufika mita 2 kwenda chini. Wanaoanza kumfuga humwekea udongo wa sentimita 10, kisha wanalalamika kwamba ni mkali na hataki kula. Hana pa kujificha, ataacha vipi kuwa mkali?

Kwa jike mzima tafuta tangi la kimo cha sentimita 50 na ujaze udongo 35. Ile nafasi ya juu isizidi 15, maana akipanda ukutani na kuanguka, tumbo hupasuka kwa urahisi. Changanya sehemu 3 za udongo tifutifu usio na mbolea wala dawa, 1 ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na 1 ya mfinyanzi. Kokopiti peke yake ikikauka hubomoka na kufukia shimo. Lowesha kiasi kwamba ukifumbata konzi inashikana bila kuchuruza maji, halafu shindilia tabaka kwa tabaka. Mwanzishie tundu la mshazari pembeni mwa kioo. Mengine atamalizia mwenyewe. Jiwe zito likae kwenye sakafu ya tangi, kamwe si juu ya udongo, kwani atalichimbua chini limwangukie.

Sehemu ya juu iwe kavu, chini pawe na unyevu kidogo. Chomeka bomba jembamba hadi chini na umimine maji humo. Ukilowesha juu kila siku utafuga kuvu na utitiri.

Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamtosha. Julai ya Nairobi ni baridi, lakini usiweke kipasha joto chini ya tangi: buibui huyu akisikia joto hukimbilia chini, na huko ndiko atakakoungua. Kiweke ubavuni.

Nyenje au mende mmoja kila siku 7 hadi 10 anatosha. Asipoliwa mtoe kesho yake. Buibui akiziba mlango wa shimo kwa udongo na utando, huenda anajiandaa kujivua gamba, na anaweza kukaa humo miezi. Tafadhali usimfukue. Mwili mpya ni laini, hata nyenje anaweza kumtafuna. Akishajivua, subiri meno yawe meusi kabisa, kama wiki 2 au 3, ndipo umlishe.

Usimshike. Akiinua miguu ya mbele na kukwaruza kwa sauti, funga kifuniko. Sumu yake inauma vibaya sana, kwa hiyo kila kazi ndani ya tangi ifanywe kwa kibano cha sentimita 30.