Kutoka ofisi ya watu watano hadi benki kubwa: usirudi kwanza

Mdogo wangu, umeandika kwamba una wiki sita kwenye kampuni kubwa na hakuna mstari wako hata mmoja wa programu uliofika kwa wateja. Unauliza kama urudi kwenye ile timu yenu ya watu wanne. Nimepita hapo hapo.

Mimi nilitoka ofisi ya watu watano, Sinza, Dar es Salaam, tukitengeneza programu za stoo za maduka. Asubuhi mwenye duka anapiga simu, mchana narekebisha, jioni anatumia. Nikaingia benki. Ruhusa ya kuona msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, nilipata wiki ya pili; ya kugusa seva zinazohudumia wateja sina mpaka leo. Kurekebisha neno moja kwenye menyu ya simu kulichukua siku 19 za kusubiri saini. Kuanzia tarehe 25 mpaka mishahara iishe kutoka, haruhusiwi mtu kupandisha mabadiliko yoyote kwenye mfumo. Niliwaona wazembe.

Kilichonifungua macho ni mstari mmoja. Kwenye malipo ya bili kulikuwa na amri ya kusubiri sekunde 3 kati ya hatua mbili, bila maelezo yoyote. Nikaifuta. Majaribio yote yakapita, wenzangu wawili wakaidhinisha, mabadiliko yakapanda Alhamisi usiku. Ijumaa saa nne asubuhi wateja wanapiga simu: wamekatwa hela mara mbili. Mfumo wa upande wa pili, unaopokea malipo tunayotuma, ulikuwa ukijibu "nimepokea" kabla haujamaliza kuandika. Tukiuuliza haraka, unasema muamala haupo, nasi tunatuma tena.

Aliyelijua hilo ni mama mmoja wa kitengo cha kulinganisha miamala, ambaye hajawahi kuandika programu. Nilimwamkia, akafungua droo, akatoa kaunta buku lenye tarehe za miaka mingi nyuma, miamala iliyojirudia imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ndiye aliyeomba zile sekunde. Akaniuliza, "Mwanangu, ghorofa moja tu, mbona hukushuka?"

Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata sura ya mawasiliano ya watu walioujenga. Kwetu mifumo ile miwili ilikuwa ya idara mbili zisizoongea, na kosa lilikaa katikati yao kabisa.

Kwa hiyo hizi wiki ambazo huandiki, usikae unahesabu siku. Nenda kakae na watu wa huduma kwa wateja, sikiliza simu zao japo siku moja. Ukikuta mstari wa ajabu, fungua historia yake kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu za kila badiliko, tafuta namba ya tiketi, yaani ombi lililoanzisha badiliko hilo, kisha mfuate kwa miguu aliyeuandika. Ukishajua sababu, iandike hapo hapo kwenye msimbo. Mabadiliko yako yawe madogo, maana madogo husomwa na kusainiwa upesi. Mwaka ukiisha na hakuna anayesoma kazi yako wala kukufundisha, hapo ondoka, nami nitakuunga mkono.

Zile sekunde tulizirudisha siku ile ile. Mwaka uliofuata tukaziondoa vizuri: kila muamala sasa una namba yake ya kumbukumbu, na ukitumwa tena unakwenda na namba ile ile, upande wa pili unaukataa. Yule mama ndiye aliyetuandalia majaribio, kutoka kwenye kaunta buku lake.