Unaenda Lamu semista moja? Anza na kaimati, dodoso baadaye

Haya wadogo zangu, kila mwaka ikifika miezi hii naanza kupata meseji, dada Lamu kukoje, dada hela inatosha, dada kweli hakuna magari. Naandika mara moja, mtumiane wenyewe.

Mimi ni mtu wa Singida, nilienda Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, kukusanya data za Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya pale, nikakaa miezi minne. Mambo ya njia nayapitia haraka: unavuka mpaka Horohoro, unalala Mombasa, asubuhi na mapema unapanda basi linalopita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, halafu boti kidogo tu umefika kisiwani. Pasipoti usiizike chini ya begi maana mtasimamishwa njiani na kukaguliwa. Shilingi yao moja ni kama 20 zetu kwa hiyo ukisikia bei usifurahi kabla hujazidisha. Sajili laini ya Kenya siku hiyohiyo. Magari yapo machache sana, ndani ya mji wa kale ni miguu na punda, na vichochoro vyembamba, punda akija na mzigo wa mchanga wewe ndo unabana ukutani, yeye hakupishi. Nguo za stara, hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mi nilifika na dodoso langu nimelichapa vizuri, nakala 40, supavaiza kalipitisha, nikaanza kugonga milango ya watu mitaa ya Mkomani na Langoni. Watu wa Lamu wana adabu bana, hakuna aliyenifukuza, wananikaribisha, wananijibu kila swali, nikirudi chumbani nikisikiliza rekodi nakuta Kiswahili cha taarifa ya habari! Yani bibi wa miaka sabini na kitu amezaliwa palepale anakwambia "jana", "njia", "macho", wakati mi nimesafiri siku mbili kufuata "yana", "ndia" na "mato" za Kiamu. Akimwona mgeni ana karatasi anabadilisha lugha kwa heshima, si kwamba anakuficha. Wiki tatu zikaisha hivyo, data sifuri.

Kilichoniokoa ni njaa. Hela ya kujikimu ilichelewa wiki sita (chuo sikitaji, wenyewe wanajijua), nikawa naishi kwa mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, jioni natafuta chochote cha bei ndogo. Mtoto mmoja alikuwa anapita baada ya alasiri na chombo cha plastiki, ndani kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga vyenye shira. Mnaozijua za kwetu zile ngumu za stendi, sahau. Hizi ukiuma nje inavunjika, ndani nyepesi, shira ya iliki inakuchuruzika mpaka kiwikoni. Nikamuuliza nani anapika, akanipeleka kwao.

Na hapo ndo ujue vitu vitamu vya Lamu vingi havipo dukani. Dukani utapata halwa, tende, biskuti, mabuyu ya pakti. Ila mkate wa sinia wa maana, vibibi, visheti, labania, hivyo vinapikwa majumbani na kina mama, unaagiza leo unachukua kesho, na hakuna bango mlangoni. Uliza watoto, wao ndo wanajua nyumba gani siku gani.

Basi nikafika pale kwa bi mkubwa, nimesimama mlangoni naona haya, ananiambia "ndoo, ndoo hapa". Mi nikaangaza macho, nikaona ndoo ya maji pembeni ya kisima, nikaibeba nikampelekea. Nyumba nzima ilicheka jamani, watoto walikaa chini. Kumbe ndoo ni njoo! Mwanafunzi wa isimu, nimelisoma darasani kabisa kwamba yale maneno yetu ya "nj" wao wanasema "nd", nikalisahau kwa sababu ya kaimati. Tokea siku ile kila nikipita ananiuliza, umekuya na ndoo?

Kuanzia hapo nikawa naenda kusaidia jioni. Unga wa ngano, hamira, tui, unaukoroga kwa mkono mpaka unavutika, unauacha uumuke, halafu unachota unaminya ngumi donge linatokea juu pale kwenye kidole gumba, unalidondosha kwenye mafuta. Zangu zilitoka na mikia kama viluwiluwi, wiki nzima. Shira ukiitoa mapema ikiwa nyepesi kaimati zinalowa, lazima ichemke mpaka inate kati ya vidole. Na wakati mikono yote imejaa unga hakuna anayekumbuka kwamba mimi ni mgeni mwenye karatasi, wanasemezana, wanagombezana, wanasimuliana ya harusini, Kiamu tupu. Jioni moja nilipata zaidi ya wiki zangu tatu za dodoso. Ila niliomba ruhusa kabla ya kurekodi, na yale ya harusini nilifuta, kuna mambo hata supavaiza hapaswi kuyajua.

Halwa nayo ina somo lake. Ni wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, inasongwa kwenye sufuria kubwa kwa mwiko mrefu masaa na masaa, mpaka mtu jasho linamtoka. Mimi wiki ya kwanza nilinunua nusu kilo nikaila peke yangu chumbani kama ugali, usiku jino likaniamsha, tumbo nalo likaamka. Halwa hailiwi hivyo. Unakata kipande kidogo, unashushia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, unaongea, unakata tena. Kaka zetu hili ni lenu zaidi, jioni pale Mkunguni mbele ya ngome na kwenye mabaraza ya mbele ya nyumba wazee wanakaa, salimia kwanza, kaa, kunywa kahawa, usitoe daftari siku ya kwanza wala ya pili. Mi kama mwanamke milango yangu ilikuwa jikoni, kila mtu ana mlango wake.

Ukiangukia Ramadhani, mchana usitafune barabarani hata kama wewe hufungi, halafu jiandae, maana ikikaribia magharibi sahani zinaanza kutembea nyumba kwa nyumba, na ya kwako itakuja. Hapa ndo wengi tunaharibu. Mimi sahani ya kwanza niliiosha vizuri nikairudisha, nikaona nimefanya ustaarabu. Bi mkubwa hakusema kitu, ila binti yake akanivuta pembeni, dada, sahani hairudishwi tupu. Weka chochote, tende tatu, ndizi, hata sukari. Sikuwa na hela nikawa naweka karanga za kukaanga, za Singida, mama alinifungia begini, na zikapendwa kweli kweli, mwishoni nikawa naletewa sahani kwa ajili ya karanga.

Siku naondoka nimefungiwa visheti na labania kwenye sahani ya bati yenye maua ya bluu, nikala nusu kabla ya Witu. Sahani ninayo mpaka leo. Kwa hiyo anayeenda semista ijayo anitafute kabla ya kukata tiketi, kuna mzigo mdogo wa kupeleka, sahani moja na kilo mbili za karanga juu yake.