Stika za hali ya hewa kwenye kompyuta ya mezani

Dada wa Ujiji, umeuliza kama programu ya simu ya kubandika stika za hali ya hewa kwenye picha za dagaa unazouza inaweza kukaa kwenye kompyuta. Inawezekana, ila Windows haiifungui moja kwa moja. Weka kwanza BlueStacks, inayoigiza simu ya Android, na uipakue kwenye tovuti yao wenyewe tu. Kwingine unaweza kubeba virusi. BlueStacks inataka RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4 na nafasi ya GB 5 kwenye diski. Bando litaliwa sana, kwa hiyo tafuta waifai. Kisha, ndani ya BlueStacks, ingia Play Store kwa akaunti yako ya Google, usakinishe programu ya stika kama kwenye simu.

Wengi hukwama hapa: kompyuta ya mezani kwa kawaida haina GPS ya kujua ilipo, hivyo stika inaweza kuonyesha joto la mji mwingine kabisa. Fungua sehemu ya kuweka mahali ndani ya BlueStacks, uchague Kigoma mwenyewe. Na tafadhali, mumeo akitaka kuingia ziwani usiku, afuate tahadhari za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), asitegemee stika.

Ikiwa RAM ni GB 2, bandikia stika kwenye simu, picha uihamishe kwa waya wa USB.